Tanuri la Sekunde Tano na Fyuzi ya Nyumba Yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu huku sombe ikichemka jikoni, mwezi huu tunazungumza juu ya umeme na joto. Somo letu linaanzia katika maabara za mbali, ambako wataalamu wanapika mawe kwa umeme. Linaishia kwenye waya unaopita juu ya kitanda cha watoto wako. Lisome mpaka mwisho, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

JIWE UNALOLIOSHA KILA SIKU

Wachimbaji wa Kasongo na Kabambare wanaijua kasiterite. Ni nyeusi au ya kahawia, na ina uzito karibu mara saba ya maji. Ndiyo maana inabaki chini ya karai wakati mchanga unachukuliwa na mkondo. Wazee wetu walioitumikia Sominki, kompani iliyoundwa mwaka 1976 na kufutwa mwaka 1997, waliijua kwa mikono yao kabla hawajaijua kwa jina.

Lakini je, unajua kasiterite ni kitu gani? Ni bati lililoshikana na oksijeni, ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Katika kilo 100 za kasiterite safi, karibu kilo 79 ni bati na zilizobaki ni oksijeni. Metali ikishikana na oksijeni namna hiyo, tunaiita oksidi. Kutu ya sepetu yako ni oksidi ya chuma. Koltani pia ni oksidi, ila ndani yake metali ni nyingi pamoja: tantali, niobi, chuma na manganizi. Oksidi ya namna hiyo, yenye metali kadhaa katika mwili mmoja, wataalamu huiita oksidi changamani.

Ardhi ilizipika oksidi hizi kwa joto kubwa na kwa muda mrefu sana. Binadamu naye anazipika zake kiwandani. Sehemu nyeupe ya plagi ya pikipiki ni oksidi ya alumini. Vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo vimetengenezwa kwa udongo wenye oksidi. Ndani ya simu yako mna vipande vidogo kama punje za mtama, vya oksidi ya bari na titani, vinavyotunza umeme kwa muda mfupi sana. Vitu vyote hivi vilikuwa unga kwanza. Kazi ngumu ni kuugeuza unga uwe jiwe.

KWA NINI MTUNGI HUTOKA JASHO

Angalia mtungi wa maji nyumbani. Nje yake huwa na unyevu, na maji ya ndani hubaki baridi. Sababu ni kwamba udongo uliochomwa kwa kuni haukukaza kabisa. Kati ya punje na punje kuna matundu madogo, na maji hupenya humo polepole. Kwa mtungi hiyo ni faida. Kwa kikombe cha nguzo ya umeme ingekuwa hatari, maana kikombe kinachokunywa maji ya mvua kitapitisha umeme siku moja, na siku hiyo nguzo yenyewe itakuwa na umeme.

Ili matundu yafungwe, unga lazima uchomwe kwa joto kubwa zaidi na kwa muda mrefu. Punje haziyeyuki. Hushikana tu mahali zinapogusana, kisha hukaribiana, na kitu chote hunywea na kuwa kidogo kuliko kilivyoingia tanurini. Umeona chumvi iliyosahauliwa kwenye mfuko wakati wa mvua: asubuhi unaikuta bonge moja, punje zimeshikana bila kuyeyuka. Unga tanurini nao hushikana hivyo, ila kinachoushikanisha ni joto.

Kuna oksidi zenye ubishi. Oksidi ya bati, ndugu wa kasiterite yetu, ikichomwa peke yake hushikana punje kwa punje lakini karibu hainywei kabisa, na matundu yake hubaki. Oksidi ya zirkoni, ambayo hutumika kutengeneza meno ya bandia na visu vigumu, inahitaji joto la karibu nyuzi 1450 kwa masaa kadhaa. Hilo ni joto la kuyeyusha dhahabu na kupita: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064. Fikiria ni mafuta kiasi gani yanaungua ili kulishika joto hilo tangu asubuhi mpaka jioni.

UMEME UNAINGIA TANURINI

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani, watafiti watatu, Marco Cologna, Boriana Rashkova na Rishi Raj, walitangaza jambo la kushangaza. Walichukua kipande cha unga wa zirkonia ulioshindiliwa, wakakifunga nyaya mbili, wakakiweka tanurini, na wakati tanuri linapanda joto wakapitisha msukumo wa umeme kutoka upande mmoja wa kipande hadi mwingine.

Mwanzoni hakuna lililotokea. Zirkonia ikiwa baridi huzuia umeme, kama kauri ya nguzo. Tanuri likaendelea kupanda. Lilipofika karibu nyuzi 850, kwa ghafla kipande kikawaka mwanga mkali, umeme ukapita kwa nguvu, na katika muda usiofika sekunde 5 kipande kilikuwa kimenywea na kukaza. Kazi ya masaa kwenye nyuzi 1450 ilimalizika kabla mtu hajavuta pumzi mara tatu.

Kitu gani kilitokea? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo somo la usalama lilipo. Oksidi nyingi huzuia umeme zikiwa baridi, lakini kadiri zinavyopata joto ndivyo kizuizi chao kinavyolegea. Umeme kidogo ukipenya, unaleta joto. Joto linalegeza kizuizi. Kizuizi kikilegea, umeme mwingi zaidi unapita, nao unaleta joto zaidi. Mzunguko huu ukianza haurudi nyuma wenyewe. Ni kama moto wa majani wakati wa kiangazi: moto unakausha majani yaliyo mbele yake, na majani makavu yanaukuza moto.

Wataalamu bado wanabishana kama umeme unafanya na kazi nyingine ndani ya punje, zaidi ya kuleta joto. Lakini juu ya mzunguko huu wa joto na kizuizi wengi wao wanakubaliana kwamba ndio unaoanzisha mlipuko wa mwanga.

HESABU NDOGO

Chukua kalamu, ufanye hesabu pamoja nasi. Tuseme kipande kiko chini ya volti 100, na volti hizo hazibadiliki. Kizuizi hupimwa kwa omu, na joto linalozaliwa hupimwa kwa wati.

Kizuizi kikiwa omu 1000, joto ni wati 10.
Kizuizi kikishuka hadi omu 100, joto ni wati 100.
Kizuizi kikishuka hadi omu 10, joto ni wati 1000, kama pasi nzima ndani ya kipande kidogo kama kidole.

Ukiacha mambo yaende hivyo, kipande hakikazi. Kinapasuka, au kinayeyuka mahali pamoja ambapo umeme umejipatia njia. Basi watafiti wa Boulder walifanyaje? Waliweka kikomo. Chombo chao cha umeme kilipangwa hivi: mkondo ukifika kiasi fulani, usizidi hapo. Tuseme kikomo ni ampea 1. Sasa kizuizi kikiwa omu 100 joto ni wati 100, na kikishuka hadi omu 10 joto linapungua hadi wati 10. Ule mzunguko uliokuwa unapanda unapigwa breki. Nguvu ni ile ile na kipande ni kile kile. Kilichotofautisha kazi njema na ajali ni kikomo.

TAA YA NERNST

Jambo hili lilijulikana mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 1897 Mjerumani Walther Nernst, mwalimu wa chuo cha Göttingen, alibuni taa iliyokuwa na kijiti cha zirkonia kilichochanganywa na oksidi nyingine. Kijiti kikiwa baridi hakikuwaka. Ilibidi kipashwe joto kwanza, ndipo umeme upite na mwanga utoke. Na kikishawaka, hatari ilikuwa ile ile: joto linalegeza kizuizi, mkondo unakua, kijiti kinaungua.

Dawa yake ilikuwa rahisi na ya akili. Katika njia ya umeme, kabla ya kijiti, waliweka waya mwembamba wa chuma. Chuma kina tabia ya kinyume: kikipata joto, kizuizi chake kinaongezeka. Mkondo ukitaka kukua, waya wa chuma unapata joto na kuubana. Kijiti cha taa hakikuwahi kuachwa peke yake na umeme. Kilikuwa na mlinzi njiani.

UNGA WA AINA NNE, JIWE MOJA

Tangu mwaka 2010 njia hii imejaribiwa kwa oksidi nyingi. Mwaka 2014 watafiti wa Brazili walionyesha kwamba hata oksidi ya bati, ile yenye ubishi, inaweza kukazwa kwa umeme. Nchini Uingereza kampuni ya Lucideon imefanya majaribio ya kuitoa njia hii maabara na kuipeleka viwandani.

Mwaka 2019 Viviana Avila na Rishi Raj walifika mbali zaidi. Walichanganya unga wa aina nne, wenye lithi, alumini, lanthani na zirkoni, wakaupitishia umeme ndani ya tanuri lisilofika nyuzi 700. Kwa sekunde chache tu unga wa aina nne ukawa oksidi moja changamani. Yaani kazi mbili, kuunganisha na kupika, zilifanyika pamoja. Watafiti wengine wamefanya hivyo kwa oksidi yenye metali tano: manyezi, kobalti, nikeli, shaba na zinki. Kobalti na shaba ni madini ambayo Katanga inayajua vizuri.

Ile oksidi ya lithi ina maana kwetu. Inatafutwa kwa ajili ya betri za kesho zisizo na maji ya kuwaka ndani yake, na mara nyingi wataalamu huitia tantali ili ishike umbo zuri. Lithi iko Manono, kusini mwa Kabambare. Tantali iko katika koltani ya Maniema na Kivu. Mtu anayeinama mtoni kuosha mchanga yuko mwanzo wa njia hiyo ndefu, na anastahili kujua madini yake yanakwenda kufanya kazi gani.

Usidhani lakini kwamba mambo yote yamekwisha. Kipande kidogo ni rahisi. Kipande kikubwa ni kazi ngumu, maana umeme hupenda kuchagua njia moja na kuiunguza, huku sehemu nyingine zikibaki mbichi. Wataalamu wanaendelea kuutafuta ufundi wa kuugawa mkondo sawasawa.

SASA TURUDI NYUMBANI

Ndugu, ulichosoma hapo juu kinatokea pia katika nyumba zetu, pasipo mtafiti wa kukisimamia. Waya wa nyumba umevikwa plastiki, na plastiki nayo ni kizuizi. Waya ukibebeshwa mzigo kupita kiasi, shaba ya ndani inapata joto. Plastiki inalegea na kuzuia umeme kwa shida zaidi, halafu inakuwa laini na kuungua. Mwisho waya mbili zinagusana, na mkondo unakimbia bila mpaka. Moto wa nyumba huanza hivyo usiku, wakati watu wamelala.

Mlinzi wako njiani ni fyuzi. Ndani yake mna waya mwembamba uliochaguliwa ufe kwanza. Mkondo ukizidi, waya huo unayeyuka na umeme unakatika. Fyuzi iliyokatika imekufanyia kazi: imekufa ili nyumba isife. Usiikasirikie. Tafuta kwanza sababu iliyoifanya ikatike.

Lakini tunajua yanayotendeka. Jenereta inawashwa saa za mpira, fyuzi inakatika, watu wanapiga kelele, na fundi wa haraka anafunga waya mnene au msumari mahali pa fyuzi. Taa zinawaka, na kila mtu anamsifu fundi. Hajui kwamba ameondoa kikomo. Kuanzia dakika hiyo, kitu kitakachokatika kwanza ni waya ulio ndani ya ukuta au juu ya dari la majani.

Tufanye hesabu tena. Kwa volti 220, balbu ya wati 60 inavuta karibu robo ya ampea. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4 na nusu. Jiko la umeme la wati 1500 linavuta karibu ampea 7. Pasi na jiko pamoja ni zaidi ya ampea 11. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 16. Ule waya mwembamba wa kufungia spika haukutengenezwa kwa mzigo wa pasi, hata ukiuona unafanya kazi leo.

Tazama pia waya wa kurefusha umeme uliozungushwa kama kamba. Ukiutumia kwa mzigo mkubwa huku umezungushwa, joto la kila mzunguko linabaki ndani. Unyooshe wote kabla ya kuwasha.

BETRI YA PANELI ZA JUA

Watu wengi wa vijijini mwetu wana paneli za jua na betri ya volti 12. Wanasema, volti 12 haziui, basi hakuna hatari. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida hazikutupi chini. Lakini betri kubwa ya risasi na asidi ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Spana ikianguka juu ya ncha mbili inawaka nyekundu. Pete ya ndoa ikigusa inaunguza kidole mpaka mfupa. Basi weka fyuzi karibu na ncha ya chanya ya betri, kabla waya haujaanza safari yake. Vua pete na saa unapofunga nyaya. Usilete moto wala sigara karibu na betri inayochajiwa, maana inatoa hewa inayolipuka.

Betri ya lithi ya simu na ya tochi ina ule mzunguko wetu wa joto. Ikipata joto kupita kiasi, ndani yake huanza mabadiliko yanayoleta joto zaidi, na kuisimamisha ni vigumu. Basi usichaji simu chini ya mto wala juu ya godoro. Betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Itoe nje ya nyumba, mbali na watoto na majani makavu.

MGODINI

Mwili wako nao ni kizuizi, na nao hulegea. Ngozi kavu huzuia umeme kiasi. Ngozi iliyoloa jasho au maji ya kuoshea madini huzuia kidogo sana. Mchimbaji aliyesimama ndani ya maji, akishika pampu yenye waya uliochubuka, amejifungia njia ya umeme kutoka mkononi hadi miguuni, na moyo uko katikati.

Mkondo unaoweza kuvuruga moyo ni mdogo: sehemu ya kumi ya ampea inatosha, na hata chini ya hapo. Kumbuka ile balbu ya wati 60: inavuta zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo ujue jambo moja bila kujidanganya: fyuzi ya ampea 10 inalinda waya na nyumba, hailindi mwili wako. Mwili unalindwa na waya wa ardhi uliofungwa vizuri, na swichi ya usalama inayojikata yenyewe mkondo unapovuja kiasi cha sehemu 30 katika elfu za ampea.

Kwa hiyo, kabla ya kazi:

1. Angalia waya wa pampu kwa urefu wake wote. Mahali palipochubuka hapafungwi kwa mfuko wa plastiki. Mwite fundi.
2. Usihamishe pampu wala mashine ikiwa na umeme. Zima, toa, kisha hamisha.
3. Kikombe cha kauri kilichopasuka juu ya nguzo, hata ufa mwembamba, mwambie kapita siku hiyo hiyo. Ufa hunywa maji ya mvua. Usiguse nguzo wala waya wake wa kushikilia.
4. Waya ulioanguka chini uhesabu kuwa una umeme mpaka fundi aseme hapana. Simama mbali, zuia watoto na mbuzi.
5. Anayesaga mawe au kuchekecha unga mkavu wa madini alowanishe kwanza, avae kinga ya pua na mdomo. Vumbi la mchanga likiingia kifuani halitoki.

MTU AKIPIGWA NA UMEME

Mkumbatie mwenzako aliyeshikwa na umeme, nanyi mtakuwa wawili. Kwa hiyo kwanza kata umeme kwenye swichi, au zima jenereta. Ikishindikana, na ikiwa ni umeme wa kawaida wa nyumba, simama juu ya ubao mkavu na usukume waya kwa mti mkavu. Kwa waya wa nguzo kubwa usijaribu kabisa. Kaa mbali, uwaite wahusika.

Akiwa hapumui, au anapumua kwa kukoroma tu, mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kubonyeza mara 30, mpe pumzi 2 kwa mdomo ikiwa umefundishwa. Kama hukufundishwa, endelea kubonyeza tu. Usiache mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Mkichoka, pokezaneni.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi, yakitiririka kwa dakika 20. Usipake siagi, mafuta, majivu wala dawa ya meno. Na yule aliyepigwa na umeme kisha akasimama na kucheka, mpelekeni hospitali hivyo hivyo. Moyo unaweza kuvurugika baadaye, na jeraha dogo la ngozi linaweza kuficha nyama iliyoungua ndani.

KAZI YAKO YA JUMA HILI

Tunakuomba jambo moja tu. Kabla ya Jumapili, zima umeme wa nyumba yako, fungua kisanduku cha fyuzi, utazame. Ukiona msumari, waya mnene au karatasi ya sigara inayong'aa, usiwashe tena mpaka umeweka fyuzi ya haki. Bei yake ni ndogo kuliko chupa ya bia. Ukishamaliza kwako, nenda kwa jirani mwenye jenereta mnayogawana umeme, maana moto wa nyumba yake hautauliza mpaka wa kiwanja chako.

Wale watafiti wanaopika mawe kwa sekunde tano wana vyombo vya thamani na elimu kubwa, na hata hivyo hawawashi umeme kabla hawajaweka kikomo. Nasi tufanye hivyo.

TAHADHARI KABLA YA HATARI. FYUZI YA HAKI, USINGIZI WA AMANI.